Freyja Yumo Kwenye Spana, Kolelo Ana Kosa Gani?

Kuna kauli ambayo hapa Kingolwira, na Morogoro kwa jumla, imeshakuwa sheria isiyoandikwa. Utaisikia mimbarini, utaisikia ofisini kwa walimu, utaisikia kijiweni kwa bodaboda. Inasema hivi: majina ya miungu ya kale ya Ulaya ni historia, fasihi na sayansi, kwa hiyo hayana neno, lakini majina ya mizimu ya milima yetu ni ushirikina, na heri yasahauliwe pamoja na wazee wachache waliobaki wakiyajua. Thor ruksa, Kolelo marufuku.

Kwa msomaji asiyemfahamu, Kolelo ni jina la mzimu mkuu uliohusishwa na pango katika milima ya Uluguru, upande wa Kolero, kata ambayo hadi leo imo kwenye ramani ya Wilaya ya Morogoro. Husimuliwa kuwa nyoka mkubwa. Waluguru na Wazaramo walimwendea kuomba mvua na mavuno, na wengine walitoka mbali, karibu na pwani. Thor ni mungu wa radi wa watu wa Skandinavia ya kale, na jina lake asili yake ni ngurumo yenyewe. Wawili hawa wana cheo kimoja katika historia ya dini: waliombwa na watu waliotegemea mawingu. Ila mmoja tunamruhusu kuingia darasani, mwingine tunamfukuza.

Naipinga kauli hiyo yote. Kabla sijaibomoa, niieleze kama wenyewe wanavyoieleza, maana wanaoishikilia si wajinga.

Wanachosema

Wanasema, kwanza, kwamba kutaja ni kuita: ukilileta jina la mzimu shuleni au kitabuni, umeufungulia mlango. Pili, Thor ni mfu, hakuna anayemwomba, lakini Kolelo bado anaogopwa, kwa hiyo wawili hao hawafanani. Tatu, majina ya kisayansi hutolewa kwa haki: mgunduzi ndiye hutaja jina, na sisi hatukugundua. Nne, yaliyopita si ndwele; kijana wa leo anataka ajira, hataki hadithi za pangoni.

Nyuma ya hoja hizo nne kuna jambo zito. Nchi hii imezika watu kwa sababu ya ushirikina. Watu wenye ualbino wameuawa na viungo vyao kuuzwa. Vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mtu aliyezika ndugu kwa sababu hiyo ana haki ya kuogopa, na hofu yake siidharau. Ninachokataa ni hitimisho analofikishwa nalo.

1. Kutaja hakujawahi kuwa kuabudu

Nenda gereji yoyote ya kando ya barabara ya Dar es Salaam, hapa Kingolwira au mbele Msamvu. Chukua spana iliyolala kwenye beseni la dizeli, ipanguse kwa tambara. Kwenye mpini utaona herufi zilizogongwa ndani ya chuma: CHROME VANADIUM. Vanadiamu ni metali inayochanganywa na chuma ili spana isipinde wala isimeguke fundi anapokaza nati ya gurudumu la lori. Jina lake linatokana na Vanadis, jina jingine la Freyja, mungu wa kike wa mapenzi na uzazi kwa watu wa Skandinavia ya kale. Fundi wetu aliyeokoka, anayekesha kwenye maombi kila Ijumaa, anamshika Freyja kiganjani kutwa nzima, na imani yake haijatikisika. Haijatikisika kwa sababu jina likishakaa kwenye kazi ya watu huwa jina la kazi hiyo.

Ingia sasa sebuleni kwake, tazama kalenda ya kanisa iliyotundikwa ukutani. Januari ni mwezi wa Janus, mungu wa milango wa Warumi. Machi ni wa Mars, mungu wao wa vita. Juni ni wa Juno, malkia wa miungu yao. Kalenda hiyo imechapishwa kwa idhini ya kanisa, na sikukuu za watakatifu zimepangwa chini ya majina ya miungu mitatu ya kipagani. Kama kutaja kungekuwa kuabudu, hakuna Mkristo ambaye angepanga tarehe ya harusi bila kutenda dhambi.

Na tusiishie Roma. Jina Mungu lenyewe, ambalo Waislamu na Wakristo wa nchi hii hulitumia kila siku katika sala za Kiswahili, halikuja na jahazi wala meli ya wamisionari. Ni lilelile Mulungu la Waluguru na la watu wengine wengi wa Kibantu hadi Malawi na Msumbiji, waliolitaja wakiomba mvua kabla hawajaona Biblia wala Msahafu. Waliotafsiri Maandiko walilikuta, wakaona linafaa, wakalichukua. Jina la kale lilipokea mafundisho mapya na halikumrudisha mtu yeyote kwenye tambiko. Anayedai kwamba majina ya mababu hayasafishiki ana jibu la kutoa kuhusu jina analoanzia sala zake.

Hata mji wetu umeshaamua, ila haujakiri. Soko kuu la Morogoro lililofunguliwa 2021 linaitwa Soko Kuu la Chifu Kingalu. Kingalu ni jina la cheo cha watawala wa Kinole, na ukoo huo ulisifika Uluguru nzima kwa jambo moja kubwa: kuita mvua. Tunanunua nyanya na mchicha chini ya jina la mwita mvua, na hakuna mchungaji wala shehe aliyetangaza kwamba nyanya hizo ni za kafara. Kwa hiyo kinachokatazwa si majina ya kale yote. Yanakatazwa yale ambayo hatukujishughulisha kuyafahamu.

2. Thor hajafa, na Kolelo hakuzikwa kwa haki

Hoja ya pili inasema Thor ni salama kwa kuwa hana waumini. Si kweli. Huko Iceland, mwaka 1972, iliundwa jumuiya ya dini inayoitwa Ásatrúarfélagið, inayofuata miungu ya kale ya Skandinavia, na mwaka 1973 serikali ikaitambua kisheria. Wanafunga ndoa na kuzika wafu wao kwa taratibu zao. Thor anao wanaomheshimu leo hii, na hakuna mzazi wa Kingolwira aliyemkataza mwanawe kuingia banda umiza siku inapoonyeshwa filamu ya mungu mwenye nyundo. Watoto wanatoka pale wakipigana kwa vipande vya miti, kila mmoja akitaka kuwa Thor. Wachunguze uone kama yupo anayetaka kuwa mtu wa hadithi ya milima anayoiona kila asubuhi upande wa kusini. Hayupo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsimulia.

Turudi nyuma tuone majina hayo yalivyosalimika. Iceland ilipokea Ukristo mwaka 1000 hivi. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye, yapata 1220, Mkristo mmoja, mtawala na mshairi Snorri Sturluson, aliandika kitabu cha Edda. Humo aliyapanga majina ya miungu ya kale na visa vyao, kwa sababu aliona vijana wanashindwa kuelewa mashairi ya babu zao. Akasema wazi kwamba Mkristo hapaswi kuiamini miungu hiyo. Baada ya kusema hivyo, akaandika. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu Thor, Odin na Freyja imepitia kalamu yake na kalamu za Wakristo wenzake. Muswada mkuu wa mashairi yenyewe, wa karne ya 13, ulikaa Denmark kwa karne tatu, na uliporudishwa Iceland mwaka 1971 watu walijaa bandarini kuupokea.

Hapo ndipo tofauti ya Thor na Kolelo ilipo. Mmoja aliandikwa na watu wake wenyewe, walioacha kumwabudu lakini hawakumwonea haya. Mwingine aliachwa kwenye minong'ono, na jina linaloishi kwa minong'ono huwa mali ya yeyote atakayelinyakua. Tapeli anayejiita mganga hupata nguvu pale watu wanapojua nusu ya jambo na kuogopa nusu iliyobaki. Mwanafunzi aliyefundishwa waziwazi Kolelo alikuwa nini, nani walimwendea, kwa haja gani na katika karne gani, ni mgumu kutapeliwa kwa jina hilo. Ukimya tunaousifu kuwa ulinzi ndio unaomlisha tapeli.

3. Jina halikumfuata mgunduzi

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa na wasomi: sayansi ina haki, aliyegundua ndiye aliyetaja. Vanadiamu yenyewe inawakanusha.

Aliyeiona kwanza ni mtaalamu wa madini Andrés Manuel del Río, mwaka 1801, ndani ya mawe ya risasi kutoka Zimapán, Meksiko. Akaipa jina la erythronium. Mwaka 1805 mkemia wa Paris, Collet-Descotils, akapima sampuli na kutangaza kwamba ni kromiamu tu. Del Río akakubali, akaondoa dai lake. Mwaka 1830 Msweden Nils Gabriel Sefström akaikuta elementi ileile ndani ya chuma cha kwao, akaiita kwa jina la Vanadis. Mkemia Friedrich Wöhler akathibitisha kwamba ya Meksiko na ya Sweden ni kitu kimoja. Mjiolojia George Featherstonhaugh akapendekeza iitwe rionium kwa heshima ya del Río, pendekezo halikushika. Jiwe lilitoka Meksiko, aliyelitambua alikuwa Meksiko, jina likatoka Skandinavia.

Na hao waliotaja majina hawakuwa wapagani. Mkemia Jöns Jacob Berzelius, mwalimu wa kizazi hicho chote, alilelewa katika nyumba ya mchungaji wa Kilutheri. Ndiye aliyeipa thoriamu jina la Thor mwaka 1829, baada ya kuletewa jiwe kutoka Norway. Alikuwa amelitumia jina hilo zaidi ya miaka kumi nyuma kwa kitu alichodhani ni kipya, kikathibitika si kipya. Akaliweka akiba mpaka alipopata pa kulipachika. Mwaka 1831 alimwandikia Wöhler barua ya kisa cha Vanadis: kwamba mungu huyo alikuwa amekaa chumbani kwake kaskazini, mtu mmoja akabisha hodi, akachoka, akaenda zake, akaja Sefström, akabisha mpaka akafunguliwa. Wanasayansi wakubwa wa Ulaya walisimuliana habari za mungu wa babu zao bila haya, na maabara zao hazikugeuka vilinge.

Sasa tuje Uluguru. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Wajerumani, katika miamba ya ulanga, yaani mika, ya milima hii zilipatikana fuwele nyeusi nzito za uraninaiti. Juu ya fuwele hizo palikuwa na ganda la manjano, laini kama udongo. Mwaka 1906 Willy Marckwald wa Berlin alilichunguza, akakuta ni madini mapya kabisa. Akayaita rutherfordine, kwa heshima ya mwanafizikia Ernest Rutherford, ambaye mwaka huo alikuwa akifundisha Montreal, Kanada. Miaka michache baadaye, Vienna, Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walipima risasi iliyotoka kwenye uraninaiti ya Morogoro, wakapata uzito wa atomu wa takribani 206.05, wakati wa risasi ya kawaida ni 207.2. Kipimo hicho kilikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba elementi moja inaweza kuwa na atomu za uzito tofauti. Mawe ya Uluguru yalisaidia kuijenga kemia ya karne nzima. Mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Kingolwira anakariri isotopu kwenye daftari bila kuambiwa kwamba baadhi ya ushahidi wake ulichimbwa katika milima anayoiona dirishani.

Orodha ni ndefu. Buluu ya tanzanaiti inatokana na vanadiamu, na jina tanzanaiti lilitolewa na Tiffany, duka la vito la New York. Chuma cha Liganga, kule Ludewa, kina vanadiamu. Kila palipokuwa na jiwe letu, jina lilitoka kwa aliyekuwa na kalamu, maabara na gazeti la kuchapishia. Anayeiita hali hiyo haki ya mgunduzi hajasoma orodha ya majina.

Pale tulipotaka, tuliweza. Chura mmoja wa milima ya Ukaguru, jirani zetu hapa mkoani, alipoelezwa kisayansi mwaka 2002 alipewa jina la Churamiti maridadi, Kiswahili tupu, na wanazuolojia wa dunia nzima wanalitumia. Tumbili wa Rungwe aliyetambuliwa na sayansi miaka michache baadaye anaitwa kipunji, jina alilopewa na wenyeji ambao miongoni mwao wapo waliomsimulia kama mnyama wa mizimu. Sayansi haikukataa.

4. Hasara tunayoilipa kimyakimya

Wanasema hadithi za kale hazina faida. Hesabu wanayoikwepa ni ya hasara.

Hasara ya kwanza ni historia. Kila mtoto wa Tanzania anafundishwa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Anafundishwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani Mohoro mwezi Agosti 1905. Aliyemwingia Kinjikitile ni mzimu aliyeitwa Hongo, na Hongo alihesabiwa kuwa chini ya Bokero, mzimu wa Rufiji ambaye watafiti wamemhusisha na Kolelo wa Uluguru. Martin Klamroth, mmisionari wa Berlin aliyefanya kazi Uzaramo, aliandika kwamba mwaka huohuo wa vita maneno ya Kolelo yalienea kwamba watu wasilipe tena kodi ya Mjerumani. Ukimwondoa Kolelo, vita vile vinabaki kisa cha mtu mmoja na maji yake. Hutaelewa namna watu wa makabila mengi, wasio na mfalme mmoja, walivyosikia wito mmoja. Watu waliopoteza maisha wanakadiriwa kati ya 75,000 na 300,000. Kusema kwamba waliongozwa na upuuzi usiostahili hata jina ni kuwadharau mara ya pili.

Tena angalia nani ameshika kumbukumbu. Maelezo ya zamani na mapana kuhusu Kolelo yameandikwa kwa Kijerumani, na mtu aliyekuja kumpinga. Kwa kuwa sisi tuliona haya, mpinzani ndiye aliyebaki shahidi.

Hasara ya pili ni maji. Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, unaanzia Uluguru. Misitu midogo ya matambiko ya koo za Kiluguru ilikuwa na miiko yake: hapa hukati mti, hapa huingii na shoka. Miiko ilisimama juu ya majina. Tulipoyafanya majina kuwa aibu, tuliiondoa miiko na kumwachia askari wa misitu peke yake kazi iliyokuwa ya kijiji kizima. Sisemi turudishe kafara. Nasema mlinzi mmoja tulimfukuza bila kutafuta wa kukaa mahali pake.

Hasara ya tatu ni hiyo ajira yenyewe. Thor alianza kuchapishwa katika vitabu vya katuni vya Marvel mwaka 1962, na tangu hapo kila fulana, kila begi la shule na kila tiketi yenye sura yake ni riziki ya mtu fulani mbali na hapa. Kijana wa Morogoro mwenye kipaji cha kuchora na kusimulia anaambiwa asiguse hazina yake mwenyewe, kisha analaumiwa kwa kuiga ya wenzake.

5. Majina yanaweza kutumiwa vibaya, na ndiyo maana yasitelekezwe

Hofu moja naikubali: majina ya kale yanaweza kuokotwa na waovu. Imetokea hukohuko kaskazini. Askari wa SS wa Hitler walivaa alama za maandishi ya kale ya Kijerumani, na hadi leo wapo wabaguzi wanaojichora nyundo ya Thor. Mwaka 2015, mjini Kemi, Finland, lilianzishwa kundi lililojiita Askari wa Odin, likizunguka mitaani kupinga wahamiaji. Kuna Waafrika wa Mashariki wengi wanaoishi Finland, Wasomali hasa, na walielewa haraka kundi hilo lililenga nani.

Lakini watu wa Skandinavia hawakulijibu jambo hilo kwa kufuta majina. Wanazuoni, makumbusho na hata wafuasi wa dini ya kale wenyewe wa Iceland wamejitokeza kusema: hayo siyo, sisi tunaijua habari hii, ninyi mnaipotosha. Waliweza kusema hivyo kwa sababu maandiko wanayo. Kesho akitokea mtu Uluguru akidai kwamba Kolelo amemtuma kudai kiungo cha binadamu, nani atasimama kumwambia anaongopa, na atashika kitabu gani?

Nini kifanyike

Morogoro ina SUA, ina Mzumbe, ina Chuo Kikuu cha Waislamu, ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan. Mikoa michache ina utajiri huo wa vyuo. Vyuo hivyo viwatume wanafunzi Kolero, Kinole, Mgeta na Matombo wakawarekodi wazee kwa Kiluguru na Kiswahili, na maandiko ya Kijerumani yatafsiriwe ili mwalimu wa Kingolwira ayasome. Somo la Maji Maji lifundishwe pamoja na Kolelo, kwa jina lake. Mtafiti atakayepata mmea, mdudu au madini mapya katika milima hii aombwe na wenyeji, kwa heshima na kwa msisitizo, atumie jina la hapa. Viongozi wa dini wasiwe watazamaji: waingie katika kazi hii kama Snorri alivyoingia, wakisema wanachokiamini na kuandika walichokirithi.

Kazi hiyo haina miaka mingi ya kusubiri. Wazee wanaojua habari za Kolelo kwa kusimuliwa na waliowahi kumwendea ni wachache, na kila mwaka wanapungua. Wakiisha bila kuandikwa, kauli niliyoipinga itakuwa imeshinda bila hoja yake hata moja kusimama, na wajukuu wetu watalazimika kuomba ruhusa ya maktaba za Berlin ili wajue milima yao ilimwita nani.